Ufagio Mlangoni, Digrii Kumi na Nne Ndani

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta Ensio Heikura, na tuliseme mapema ili tusisumbuane huko mbele. Hakuna aliyemlazimisha kukiri. Alikiri mwenyewe, kwa wino, ukurasa wa pili wa ripoti: "Saa nne na dakika kumi asubuhi nilifika kwenye nyumba ya Toroi, nikaona ufagio mlangoni, nikaondoka." Mkuu wake aliposoma mstari huo alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena na kunyamaza, kwa sababu angekuwa yeye naye angeondoka.

Tuanzie saa tatu. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa Januari, digrii thelathini na moja chini ya sifuri, na Heikura alikuwa amechuchumaa kwenye ngazi ya nyumba ya Arvi Määttä, ufuko wa kusini wa ziwa, kijijini Lehtoniemi, mkoani Kainuu, akitazama damu.

Damu yenyewe haikuwa nyingi. Matone saba kwenye mbao za ngazi, na alama moja ya kupakaa kwenye mkono wa ngazi, kimo cha uso wa mtu aliyepiga magoti. Usiku wa kuamkia siku hiyo baridi ilikuwa imelegea kidogo, ikaanguka theluji ya vidole vinne, kisha alfajiri ikakaza tena. Lakini ngazi ilikuwa na paa, ndiyo maana matone yale yalibaki wazi. Kwingine kote uwanja ulikuwa mweupe, laini, hauna alama hata ya sungura, isipokuwa za gari la Heikura na za pikipiki ya theluji ya mtu aliyewaita polisi.

Mtu huyo alikuwa amesimama kando, mikono kwapani. Kyösti Tolonen, miaka sitini na mbili, kiongozi wa wawindaji wa Lehtoniemi, masikio mekundu kama nyanya.

"Umeukuta mlango hivi?"

"Hivyo hivyo. Wazi, kiasi cha kupitisha mkono."

"Umegusa nini?"

"Mlango. Na kikombe."

"Kikombe ulikigusia nini?"

"Nilidhani kahawa bado ya moto."

"Ikawaje?"

"Nimekigonga mezani, Inspekta. Kimelia kama jiwe."

Ndani mlikuwa na baridi kama ya nje. Kitanda kimetandikwa. Simu mezani, imekufa. Kofia ya manyoya haipo, koti halipo, viatu havipo. Mwenyewe, mzee wa miaka sabini na minane anayeishi peke yake tangu azike mkewe, hayupo.

Heikura akafanya anachofanya kila mara mtu akipotea: akahesabu njia za kuondokea. Gari la Arvi lilikuwa uwanjani, limezikwa na theluji ya wiki nzima. Mbao zake za kutelezea thelujini zilikuwa ukutani, jozi mbili, kwenye misumari yake. Hakuendesha na hakuteleza. Kwa miguu, katika baridi ile, mzee mwenye nyonga mbovu asingefika hata kwenye sanduku lake la barua. Kwa hiyo alichukuliwa na mtu mwenye chombo.

Akageuka polepole akaitazama pikipiki ya theluji ya Kyösti. Nyuma yake palikuwa na turubai, na kwenye turubai palikuwa na damu.

"Hiyo?"

"Nyama," Kyösti akasema. Masikio yakazidi kuiva.

Simu ya Heikura ikalia hapo hapo. Alipoona jina akafumba macho.

Saimi Toroi alikuwa na miaka sabini na mmoja na aliishi mbali, mjini Oulu. Zamani alikuwa mpishi wa shule ya Lehtoniemi, na alikuwa amempikia Heikura uji wa shayiri miaka sita mfululizo. Nyumba ya marehemu mama yake ilikuwa ng'ambo ya ghuba, dakika kumi kwa miguu kutoka kwa Arvi, na tangu mazishi, miaka miwili sasa, haikuwa na mtu wakati wa baridi. Kwa hiyo Saimi alikuwa amefunga kipimajoto jikoni, karibu na karo la kuoshea vyombo, chenye betri yake na laini yake ya simu. Kila siku, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kilimtumia ujumbe: nyumba ina digrii ngapi. Ukikiuliza katikati, kinajibu. Mabomba yakiganda yanapasuka, na yakipasuka huoni kitu mpaka siku ya kuyeyuka, nyumba nzima inapogeuka bwawa. Ndiyo maana kila baridi Saimi alipiga polisi mara nne, mara tano, digrii moja ikishuka. Kituoni walimwita Bi Digrii. Alijua, na hakujali.

"Heikura, nyumba yangu ina joto."

"Hongera, mama."

"Usinipongeze. Jana asubuhi ilikuwa digrii mbili, nikalia. Leo asubuhi kumi na nne. Kumi na nne, unanisikia?"

"Nakusikia. Umeme umerudi, mama. Ulikatika Jumatano, mti ulilalia waya. Umerudi jana."

"Lakini..."

"Mama, niko kazini. Kuna mtu amepotea. Nitakupigia."

Akakata. Tayari alikuwa amekosea mara mbili, na ilikuwa bado saa tatu na robo.

Kosa la tatu alilifuata kwa miguu. Kila nyumba ya ufuko ule ilibidi ikaguliwe. Kulikuwa na tatu: mbili za wageni wa kiangazi, zimefungwa kwa mbao madirishani, na ya Toroi. Saa nne na dakika kumi Heikura alikuwa amesimama mbele ya mlango wa Toroi, theluji ikimfika magotini. Ufagio wa fito ulikuwa umeegemezwa mlangoni, mpini juu, mguu wake umeshikwa na barafu ya miezi. Na ufagio ukiegemezwa mlangoni, mtu wa huku hana haja ya kuambiwa: wenyewe hawapo, hata kama mlango haujafungwa. Hapo mtu habishi hodi. Tarishi hugeuka, jirani hugeuka, hata mwizi wa zamani, wanasema, alikuwa akigeuka. Bomba la moshi halikutoa moshi. Theluji ilikuwa laini kila upande. Heikura akajitazama kwenye kioo cha dirisha la jikoni, akaona kofia imeenda upande, akainyoosha, akarudi alikotoka akipiga mluzi.

Saa saba unusu walikuwa jikoni kwa Kyösti, ufuko wa kaskazini, kahawa mezani na mkate mweusi wa unga wa rai, maana hata mshukiwa wa mauaji huwezi kumhoji hapa Lehtoniemi bila kahawa. Heikura alikula vipande viwili. Alikuwa mchokozi kwa tabia, na akishiba ndipo alipozidi.

"Nyinyi wawili hamsemezani toka Oktoba, Kyösti. Kijiji kizima kinajua. Ulimtoa kwenye kundi la wawindaji."

"Macho yake yalikuwa yamechoka. Alimlenga kulungu akapiga kopo langu la chai."

"Na yeye akakwambia dukani, mbele ya watu, kwamba kopo lako lilikuwa na akili kukushinda."

"Alisema hivyo."

"Inauma."

"Iliuma wiki moja."

"Miezi mitatu hamsemezani. Halafu leo, saa mbili unusu asubuhi, baridi ya kuua mbwa, unapita kwake. Kwa nini?"

"Nilikuwa napita tu."

Heikura akaweka kikombe chini taratibu sana. "Barabara inaishia kwa Arvi. Ulikuwa unapita kwenda wapi? Urusi?"

Kyösti akamwongezea kahawa.

Simu ikalia tena. Bi Digrii. Heikura akaigeuza kifudifudi.

"Damu ya turubai nitaipeleka maabara, rafiki yangu. Wakiniambia ni ya mtu, mimi na wewe hatutakunywa kahawa tena. Kwa hiyo niambie sasa hivi. Ulienda kufanya nini kwa Arvi?"

Kyösti akanyanyuka, akafungua jokofu, akatoa furushi lililofungwa kwa gazeti, akalitupa mezani kama mtu anayetupa kadi ya mwisho mkononi.

"Nyama ya kulungu. Mgongo. Sehemu yake."

"Sehemu yake ya nini? Si ulimtoa?"

"Ndiyo maana nilikuwa nampelekea!" Kyösti akafoka, na sasa hata shingo ilikuwa nyekundu. "Nilikuwa naenda kumwomba radhi, haya! Umeridhika? Nimekaa juu ya ile mashine nusu saa kabla ya kuiwasha, natafuta maneno. Nimefika, mlango wazi, damu, mwenyewe hayupo. Sasa maneno nimeyapata, na wa kumwambia hayupo!"

Heikura alikuwa amehoji watu miaka ishirini na tisa. Alijua uso wa muuaji na uso wa mwizi. Uso wa mwanamume wa Kainuu aliyekamatwa akienda kuomba msamaha alikuwa hajawahi kuuona, na alikuwa ameusoma vibaya asubuhi nzima. Akakata kipande cha tatu cha mkate, akakirudisha sahani bila kukila.

"Kyösti."

"Nini!"

"Samahani, bwana."

"Nyamaza, unywe kahawa."

Simu ikalia mara ya tatu. Ilikuwa saa nane kasoro. Safari hii Heikura akaipokea, akaiwekea sauti kubwa mezani, labda kwa kutaka kumchekesha Kyösti kidogo.

"Mama Saimi. Leo nyumba imekohoa nini tena?"

"Inashuka," sauti ya Saimi ikasema. Haikuwa na ugomvi safari hii, na hicho ndicho kilichomfanya Heikura aache kutabasamu. "Nimekiuliza sasa hivi. Ilikuwa kumi na nne asubuhi. Saa sita kumi na tatu. Sasa ni kumi na moja."

"Si uliogopa joto, mama? Sasa unaogopa baridi?"

"Ensio Heikura, toa kalamu."

Alitoa kalamu. Miaka sita ya uji haitoki mwilini. Akaandika pembezoni mwa gazeti lile lile la nyama, naye Saimi akasoma ujumbe wake mmoja mmoja. Jumatano usiku: saba. Alhamisi asubuhi: mbili. Alhamisi usiku: tisa. Ijumaa asubuhi: kumi na nne. Saa sita: kumi na tatu. Sasa: kumi na moja.

"Hita zako za umeme umezitegesha kwenye ngapi?"

"Nane. Miaka miwili, nane. Zikifika nane zinajizima. Hilo ndilo nimekuwa nikijaribu kukwambia tangu saa tatu, lakini wewe ulikuwa kazini."

Kalamu ikasimama. Hita iliyotegeshwa nane haijui kumi na nne ni nini.

"Na tena," Kyösti akadakia, "umeme gani huo mnaousema? Kwangu umerudi. Kusini bado. Wametangaza mpaka jioni."

"Kwa Arvi hakuna umeme?"

"Wewe si ulikuwa nyumbani mwake asubuhi?"

"Mle ndani mlikuwa na baridi kwa sababu mlango ulikuwa wazi!"

"Mlikuwa na baridi kwa sababu hakuna umeme, Inspekta. Tanuri lake la matofali, la kupashia nyumba joto, mwanawe alilivunja mwaka juzi, akamwekea hita za kisasa. Umeme ukikatika, mzee hana hata pa kuchemshia maji."

Heikura akaliinamia gazeti. Alipoanza kusema, alisema polepole, kidole kikitembea juu ya namba.

"Jumatano jioni umeme unakatika. Nyumba inapoa: saba, mbili. Alhamisi, baada ya ujumbe wa saa mbili asubuhi, mtu anawasha tanuri. Si hita. Ingekuwa hita ingepanda ikagotea nane. Hii imepanda polepole na kuvuka nane bila kusalimia. Hii ni kazi ya matofali. Mama, lile tanuri la mama yako ukiliwasha mara moja, linashika joto muda gani?"

"Siku nzima. Kuni zikiisha kuwaka unafunga kifuniko cha bomba, joto linabaki humo humo."

"Na moshi?"

"Ukishafunga hakuna moshi. Umesahau hata hilo?"

"Leo nimesahau mengi. Watu wa huku huliwasha saa ngapi?"

"Asubuhi. Kabla ya kahawa. Nani asiyejua?"

"Basi sikiliza. Aliliwasha jana asubuhi, akaliwasha tena jana jioni, ndiyo maana leo mmeamka na kumi na nne. Leo asubuhi hakuliwasha. Tangu saa mbili inashuka tu. Mtu mzima wa Lehtoniemi, baridi thelathini na moja, ana tanuri zuri na banda la kuni uani, na hawashi." Akanyanyua macho. "Hawashi kwa sababu hawezi."

Kyösti akauliza, "Ile sleji yake uliiona?"

"Sleji gani?"

"Ya kusukuma kwa mguu. Ile anayoendea dukani. Huwa ameiegemeza kwenye ngazi, kushoto."

Heikura alikuwa amehesabu gari na jozi mbili za mbao za kutelezea. Sleji ya mguu, kile kiti chenye vyuma viwili vya kutelezea chini, ambacho kila bibi na babu wa kijiji anashika mgongo wake na kupiga teke barafu mpaka dukani, hakuihesabu. Ni kama kuhesabu samani za nyumba ukasahau kiti ulichokalia.

"Haikuwepo," akasema. "Halafu lile dirisha!"

"Dirisha gani?"

"Dirisha la jikoni la Saimi. Nilijitazama humo nikanyoosha kofia. Kyösti, baridi hii, dirisha la nyumba tupu limejaa maua ya barafu mpaka juu. Lile lilikuwa safi kama kioo cha kinyozi. Nimesimama nje ya jiko lenye mtu, nikajipamba, nikaondoka!"

"Kwa nini hukubisha hodi?" Saimi akauliza kutoka Oulu.

"Mama, kulikuwa na ufagio mlangoni."

"Aa," akasema Saimi, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na la kumlaumu.

Walivuka ziwa kwa mashine ya Kyösti, mpelelezi nyuma amemkumbatia mshukiwa kiunoni, nyusi zimeganda, simu mfukoni bado iko wazi kwa sababu Saimi alikataa kukata. Kabla ya kuondoka Heikura alikuwa ameita gari la wagonjwa; lingechukua dakika arobaini kutoka mjini. Jua lilikuwa limeshaanza kujiondokea juu ya misonobari.

Mbele ya nyumba ya Toroi, Kyösti akaruka chini, akakimbia mpaka mlangoni, akanyoosha mkono, akasimama ghafla. Akautazama ufagio. Akarudi hatua moja.

"Kyösti!"

"Mwili umegoma wenyewe," Kyösti akasema kwa aibu.

"Zunguka nyuma. Huo umeganda, hapo hakupita mtu."

Nyuma, chini ya ukingo wa paa la sauna, chumba cha kuogea mvuke kilichoungana na nyumba, sleji ya mguu ilikuwa imelala ubavu, theluji ya vidole vinne juu yake. Mlango wa sauna ulikuwa umerudishiwa tu. Msumari wa kutundikia ufunguo wa nyumba, pembeni ya ndoo ya maji ya kuogea, haukuwa na ufunguo.

Jikoni mlikuwa na harufu ya majivu na ya kahawa ya zamani. Kwenye benchi iliyopachikwa ubavuni mwa tanuri, chini ya mazulia matatu ya sakafuni na koti, palikuwa na kofia ya manyoya. Chini ya kofia, jicho moja lilikuwa wazi. Lingine lilikuwa limeziba kwa damu iliyokauka kwenye nyusi.

"Umechelewa," Arvi Määttä akasema. Sauti ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa yake. "Asubuhi nilikusikia."

"Ulinisikia?"

"Nikapiga sufuria. Wewe ukapiga mluzi."

Heikura akapiga magoti sakafuni na kumshika mkono. Ulikuwa baridi, lakini ulishika. Alitaka kusema jambo la mzaha na halikuja. "Asante, mzee," ndilo lililotoka, na hata yeye hakujua anashukuru kwa lipi hasa.

"Yuko hai?" mfuko wake ukauliza. "Heikura! Yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Na ananitukana."

Oulu ikasikika ikipenga kamasi, mara mbili.

Heikura alikagua mguu. Kifundo cha kulia kilikuwa kimevimba kama mkate uliokolea chachu. Maelezo ya Arvi aliyachukua hapo hapo, kwa utaratibu, maana utaratibu ulimsaidia kutulia. Alhamisi, saa tatu asubuhi, nyumba ikiwa imeganda na simu imekufa, mzee alitoka aende kutafuta joto, akateleza kwenye ngazi, akapasua nyusi kwenye mkono wa ngazi, akateguka mguu. Mlango hakuweza kurudi kuufunga. Aliweka goti la mguu mbovu kwenye kiti cha sleji, akapiga teke kwa ule mzima mpaka ng'ambo ya ghuba.

"Kaskazini kwa Kyösti kulikuwa na umeme. Kwa nini huku?"

Arvi akamtupia Kyösti jicho lake moja. "Kwa Kyösti hatusemezani. Halafu kulikuwa na mabomba."

"Mabomba gani?"

"Ya Saimi. Umeme hamna, baridi hiyo. Nilijua yataganda. Vali ya kutolea maji iko chini ya sakafu, mguu haukunikubalia kushuka. Nikasema basi, nitawasha tanuri, tutapona wote, mimi na mabomba. Jana niliburuta kuni za mara mbili. Leo mguu umekataa kabisa." Akanyoosha kidole ukutani, karibu na karo, ambako taa ndogo ya kijani ilikuwa ikipepesa juu ya kisanduku cheupe. "Nikawa nakitazama kile. Nilijua anakisoma. Nikakiambia: mwambie Saimi."

"Kiliniambia, Arvi," simu ikasema. "Kiliniambia tangu asubuhi. Ni polisi tu waliokuwa hawaambiliki."

Kyösti akavua koti lake, akalitandaza juu ya mazulia yale matatu, akamchomekea mzee pembeni kama anavyochomekewa mtoto.

"Sehemu yako iko kwangu," akasema. "Mgongo."

"Sioni vizuri, si ndivyo ulivyosema?" Arvi akajibu.

"Nitakukatia vipande vikubwa."

"Haya," Arvi akasema, na miezi mitatu ikaishia hapo. Kyösti akatoka haraka kwenda banda la kuni, huku akijifuta pua.

Kesi ingefungwa hapo, kama Arvi Määttä asingekuwa Arvi Määttä.

"Inspekta, andika."

"Nimeshaandika, mzee. Umeanguka, umeokolewa."

"Andika kosa. Nimeingia nyumba ya mtu bila ruhusa, nimechoma kuni zake, nimelalia mazulia yake. Na ufagio ulikuwa mlangoni. Niliuona. Nikazunguka kama mwizi."

"Siandiki upuuzi."

"Ni sheria au si sheria?"

"Mzee, umeokoa hiyo nyumba!"

"Nimekuuliza ni sheria au si sheria. Miaka sabini na minane sijaingia kwenye nyumba yenye ufagio mlangoni. Sitaki watu waseme Määttä alisamehewa kwa sababu ni mzee."

"Na mimi nikuulize!" Heikura sasa naye amepandwa na hasira. "Ukishaingia, kwa nini hukuutoa ule ufagio? Ungeutoa, ningekupata saa nne!"

"Si nyumba yangu. Nitatangazaje kwamba kuna mtu nyumbani wakati mwenyewe hayupo?"

"Wewe ulikuwepo!"

"Nilikuwepo kimakosa. Andika."

Kyösti alikuwa amerudi, kuni zimejaa mikononi mpaka kidevuni, kasimama katikati ya jikoni hajui apite upande gani. "Mimi naona mzee ana hoja," akasema. "Ufagio ni ufagio."

"Wewe nyamaza, bado nina turubai lako!"

"Andika kwa tarehe ya jana," Arvi akaelekeza. "Saa nne kasoro."

"Siandiki!"

"Basi nipe kalamu nitaandika mwenyewe."

"Mmemaliza?" Saimi akauliza mfukoni.

Heikura akaitoa simu, akaiweka juu ya ukingo wa tanuri.

"Huo ufagio niliuweka mimi," akasema yule mpishi wa shule, "na niliuweka kwa ajili ya wageni. Wewe, Arvi, mama yangu alikuonyesha ule msumari wa ufunguo kabla Heikura hajajua kujifunga kamba za viatu. Nimekiuliza kipimajoto sasa hivi, kinasema digrii nane. Mko wanaume watatu humo ndani, kuni ziko mikononi mwa Kyösti, na hakuna hata mmoja aliyewasha tanuri."